Kaza, lakini kwa kipimo: historia ya nati za rimu za aloi

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu na kompyuta zilizogoma, lakini leo naomba tuweke kibodi kando. Nataka kuzungumzia nati. Ndiyo, nati za gurudumu, zile nne au tano ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka siku tairi linapopata pancha.

Sababu ni hii. Baba yangu ana Datsun 160J ya mwaka 1979, gari alilolinunua likiwa kuukuu na ambalo hatakubali kuliuza hata umpe nini. Kwa nini Datsun? Mkenya wa rika lake haulizwi swali hilo. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, halafu akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za jamii hii hii ya 160J. Mzee akikaa nyuma ya usukani, hata kama anaenda kununua unga tu, anaendesha Safari.

Nikaona nimpe zawadi ya rimu za aloi, zile tunazoziita rimu za spoti, za mtindo wa zamani wenye spoki nane nene. Nilizipata zikiwa zimetumika, barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, na fundi mmoja akanifungia. Alikuwa mtu mwenye bidii. Alikaza kila nati kwa wilspana mpaka ikagoma, kisha akasimama juu ya mkono wa spana na kuruka mara mbili.

"Fundi, imekaza kweli?"

"Bosi, hiyo haifunguki hata na tinga."

Wiki tatu baadaye tulikuwa tukirudi kutoka Nakuru, mama akiwa kiti cha nyuma. Karibu na Kinungi tukaanza kusikia ko-ko-ko upande wa mbele kushoto. Mzee alidhani ni jiwe limekwama kwenye tairi. Usukani ukaanza kutikisika, akatoka barabarani taratibu na kusimama. Nikashuka kuangalia. Bolti mbili zilikuwa zimekatika. Nati ya tatu niliizungusha kwa vidole. Gurudumu lile lilikuwa limeshikwa na nati moja tu, na mbele yetu palikuwa na malori yakipanda kwa mstari.

Nilikasirika, nikasema fundi hakukaza vizuri. Nilikosea. Fundi alikaza kupita kiasi, na hilo ndilo lililotaka kutuua. Sitamtaja, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikimshangilia. Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu nati, na nimegundua kwamba swali la "imekaza kiasi gani?" lina historia ndefu na tamu kuliko nilivyofikiri.

BOLTI NI SPRINGI

Tuanze na jambo ambalo sikulijua. Tazama gurudumu lako. Unaweza kudhani rimu imening'inia kwenye bolti zile nne kama kanzu kwenye msumari. Sivyo. Kazi ya nati na bolti ni kuibana rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa sana, kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso hizo mbili unazuia rimu isiteleze hata kidogo. Uzito wa gari, breki na kona vyote hubebwa na msuguano huo. Rimu ikianza kuteleza, bolti zitapindwa huku na huku kama waya unayotaka kuikata kwa mkono, na mwisho wake unaujua.

Nguvu ya kubana inatoka wapi? Inatoka kwenye bolti yenyewe, kwa sababu unapokaza nati, bolti inavutika. Urefu unaoongezeka ni mdogo mno, jicho haliuoni, lakini upo, na bolti inataka kurudi ilivyokuwa. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kanuni hii mwaka 1678: kadiri unavyovuta springi, ndivyo inavyovuta kukurudisha. Bolti ni springi fupi, nene na kali sana.

Kila springi ina mpaka wake. Ukiuvuta ukanda wa mpira kidogo, unarudi. Chuma nacho hurudi, lakini ukikivuta kupita mpaka kinabaki kirefu, na uspringi wake hauwi kama wa kwanza. Ndicho kilichotokea kwa Datsun ya mzee. Nilipiga hesabu: mtu wa kilo 75 akisimama kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 40, anaizungusha nati kwa karibu newton-mita 295. Hapo hajaruka bado. Nati za gari lile zinatakiwa kukazwa kwa chini ya newton-mita 100. Bolti zilivutwa zikapita mpaka, na baada ya wiki tatu za mashimo zikaanza kuachia.

NYUNDO NA HESI YA KUSHOTO

Watu wa zamani walikuwa na tatizo hilo hilo, ila walilitatua kwa njia nyingine kabisa. Magari mengi ya mwanzo yalikuwa na magurudumu ya mbao yasiyotoka kwa urahisi. Ukipata pancha, unakaa kando ya barabara na kushughulika na tairi papo hapo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Rudge-Whitworth ya Coventry, Uingereza, ilileta gurudumu la spoki za waya linalofungwa kwa nati moja kubwa katikati. Nati hiyo baadaye ilipata masikio mawili au matatu, na fundi aliyagonga kwa nyundo ya shaba au ya risasi ili chuma kisiumie.

Alijuaje kwamba imekaza vya kutosha? Hakupima. Hila ilikuwa kwenye hesi. Upande wa kushoto wa gari nati ilikuwa na hesi ya kawaida, na upande wa kulia ilikuwa na hesi ya kushoto, yaani ya kinyume. Kwa mpangilio huo, gurudumu likibeba mzigo na kuzunguka, lilikuwa likiisukuma nati ijikaze yenyewe kidogo kidogo. Ukikosea ukabadilisha habu za kulia na kushoto, gurudumu lile lile lilijifungua lenyewe njiani.

Huko Marekani, Chrysler nao waliendelea hadi karibu mwaka 1970 kuweka hesi ya kushoto kwenye nati za magurudumu ya upande wa kushoto. (Angalia: upande huo ni kinyume cha ule wa Rudge, kwa sababu nati ndogo nyingi zinazozunguka habu hazifanyi kazi kama nati moja ya katikati.) Bolti zake zilipigwa chapa ya herufi L. Ukikutana na Dodge au Plymouth ya miaka ya 60 na nati ikagoma kufunguka, isome ncha ya bolti kabla ya kutafuta paipu. Bolti nyingi za magari hayo zilikatwa na watu waliodhani wanafungua, kumbe wanakaza.

MTU WA MABOMBA YA MAJI

Spana ya kupimia, ile inayokuonyesha au kukupigia "tak" ukifika kiwango, haikuanzia kwenye gari hata kidogo. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Conrad Bahr, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York. Mwaka 1918 alikuwa akihangaika na bolti za kuungia mabomba ambazo wafanyakazi walikuwa wakizikaza mpaka zinakatika. Basi kumbuka hili: chombo hiki hakikubuniwa kwa sababu watu walikuwa wakikaza kidogo. Kilibuniwa kwa sababu walikuwa wakikaza mno! Fundi wangu na wale wafanyakazi wa New York wangeelewana sana. Katika miaka ya 1930 spana za namna hiyo zikaanza kuuzwa kwa watengenezaji na gereji za magari Marekani.

Mimi kama mtu wa programu nilifurahi kusikia kuna namba. Namba napenda. Lakini hapa kuna mtego. Spana inapima nguvu unayozungusha nayo. Haipimi bolti imevutika kiasi gani. Katika kila sehemu 100 za nguvu unayotia, karibu 50 zinaliwa na msuguano chini ya nati, karibu 40 zinaliwa na msuguano wa hesi, na zinazobaki kuivuta bolti ni kama 10 tu. Sasa fikiria umepaka oili kwenye hesi. Msuguano unapungua, spana inapiga "tak" pale pale, lakini bolti imevutwa kupita ilivyotakiwa. Ukiwa na kutu, inakuwa kinyume: spana inapiga "tak" na rimu haijabanwa vizuri. Namba ni ile ile, matokeo ni mawili tofauti. Kila aliyewahi kuona programu ikifaulu majaribio yote kisha ikaanguka mbele ya mteja ananielewa.

RIMU ZIKAWA LAINI

Tarehe 3 Agosti 1924, katika mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa mjini Lyon, Ettore Bugatti alileta gari lake jipya, Type 35. Magurudumu yake yalikuwa ya aluminiamu ya kumimina kwenye kalibu, spoki nane pana, na ngoma ya breki ikiwa sehemu ya gurudumu lenyewe. Siku hiyo tairi zilimtesa na hakushinda, lakini rimu ya aloi ilikuwa imeingia kwenye historia.

Ilichukua miaka mingi kufikia watu wengi. Katika miaka ya 1960 rimu za Minilite za magnesiamu, zenye spoki nane, zilijulikana kupitia Mini za mashindano. Rimu nilizomnunulia mzee ni wajukuu wa hizo. Mwaka 1966 Porsche wakaitoa 911 S ikiwa na rimu za Fuchs. Hizi hazikumiminwa, zilifuliwa kwa kugandamizwa na kampuni ya Otto Fuchs ya Meinerzhagen, Ujerumani. Mwaka 1978 Vic Preston Jr. alishika nafasi ya pili katika Safari akiendesha 911, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas.

Kwa nini rimu hizi zilibadilisha habari ya nati? Kwa sababu rimu ya chuma ni msamaria mwema. Imetengenezwa kwa bati la chuma lililokunjwa, na pale nati inapokaa pamebonyea kidogo kama washa ya springi. Ukikosea kidogo, bati lenyewe linanyumbulika na kukusaidia. Aloi ni nene, na uso wake ni laini kuliko nati ya chuma inayoukandamiza. Haikusaidii. Uspringi wote unabaki kwa bolti peke yake. Zaidi ya hapo, aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na joto la breki lipo kila siku. Ukikaza mno, nati inachimba kikalio chake kwenye rimu. Ukikaza kidogo, rimu inateleza na kuyatanua matundu.

Ndiyo maana kila gari lina namba yake. Mini ya zamani, yenye bolti nyembamba za inchi 3/8, inataka kama newton-mita 60 tu. Porsche 911 yenye rimu za Fuchs na bolti za milimita 14 inataka 130. Hata gari moja linaweza kuwa na namba mbili: kwa Land Cruiser 100, Toyota waliandika newton-mita 209 kwa rimu za chuma na 131 kwa rimu za aloi. Anayekuambia "zote ni sawa, kaza tu" hajakisoma kitabu.

Umbo la nati nalo si urembo. Kuna kikalio cha koni, kuna cha duara kama mpira (Fuchs hutumia hiki), na kuna nati ndefu yenye washa bapa, kama zile Toyota waliweka kwenye rimu zao nyingi za aloi. Ukiweka nati ya koni mahali pa washa bapa, inagusa kwa mstari mwembamba tu. Itahisi imekaza. Haijakaza.

Wakati huo huo yale masikio ya nati ya katikati yalifikia mwisho wake. Kuanzia tarehe 1 Januari 1968 Marekani ilipiga marufuku nati zenye masikio yanayochomoza, kwa kuogopa yasimjeruhi mpita njia. MGB na Jaguar zilizopelekwa huko zikabadilishiwa nati zisizo na masikio. Nyundo ikaanza kustaafu.

MJERUMANI NA BARABARA YA MURRAM

Kipande cha mwisho cha historia hii ndicho kilichonielezea Kinungi. Watu walijua tangu zamani kwamba mtikisiko hulegeza nati, lakini kwa nini hasa? Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha utafiti wake. Alitumia mashine ya kutikisa bolti iliyofungwa, na akaonyesha kwamba mtikisiko mbaya zaidi si ule wa kuivuta bolti kwa urefu wake, ni ule wa kuisukuma kando, kushoto na kulia. Vitu vilivyobanwa vikianza kuteleza kando hata kidogo, msuguano wa hesi unapoteza kazi yake na nati inajizungusha yenyewe kufunguka, bila mtu kuigusa.

Sasa fikiria barabara ya murram yenye mikunjo kama mabati. Kila mkunjo ni kipigo kimoja cha mashine ya Junker. Nati inabaki mahali pake kwa sharti moja tu: rimu iwe imebanwa kiasi cha kutoteleza kabisa. Bolti za mzee zilikuwa zimeshavutwa kupita mpaka, nguvu ya kubana ikapungua, rimu ikaanza kuteleza, bolti mbili zikapindwa mpaka zikachoka na kukatika, na ya tatu ikajifungua. Hakukuwa na uchawi.

TUNAVYOFUNGA SASA

Siku ile pale Kinungi tulilifunga gurudumu la mbele kadiri ilivyowezekana na kurudi nyumbani mwendo wa pole mno. Kesho yake tulibadilisha bolti zote 16, si zile mbili tu, kwa sababu zote zilikuwa zimerukiwa. Sasa mzee ana utaratibu wake na hataki mtu auguse:

1. Habu na mgongo wa rimu vinasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka viwe safi. Kutu, rangi nene na matope vikibanwa katikati, baadaye vitasagika na nati italegea.

2. Hesi inabaki safi na kavu, bila oili wala grisi, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine.

3. Nati zinaanzwa kwa vidole. Isipoingia kwa vidole, kuna tatizo, na spana si dawa yake.

4. Zinakazwa kwa msalaba: moja, kisha ya mkabala wake, na si kwa kuzunguka kama saa. Ukizunguka, rimu hukaa kombo, na nati ya mwisho huwa inasukuma rimu badala ya kuibana.

5. Gari likiwa juu ya jeki zinakazwa kiasi tu. Linashushwa tairi liguse ardhi, kisha spana ya kupimia inamalizia kwa mizunguko miwili, kwanza nusu ya namba, halafu namba kamili. Ikishapiga "tak", basi. Hakuna "tak" ya pili ya bahati njema.

6. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zinapimwa tena rimu zikiwa zimepoa. Aloi, hasa iliyopakwa rangi upya, hukaa vizuri baada ya kutembea, na nguvu ya kubana hupungua kidogo. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka.

Ukifungiwa tairi kwa mtu wa pancha anayetumia mashine ya upepo, mwombe amalizie kwa mkono. Atakucheka. Mwache acheke.

Nilirudi kwa yule fundi baadaye, si kugombana. Nilimwonyesha moja ya bolti zilizokatika nikaiweka kando ya mpya. Sehemu ya hesi ilikuwa imerefuka na kuwa nyembamba kidogo katikati, kama tofi iliyovutwa. Aliishika, akaigeuza, akanyamaza kwa muda.

"Kwa hivyo mimi ndiye niliivuta hivi?"

"Wewe na mimi, fundi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo."

Akaniuliza spana ya kupimia inauzwa pesa ngapi. Nilimwambia bei, akapiga mluzi. Mwezi uliofuata nilipopita, ilikuwa imening'inia ukutani, juu kabisa, mahali ambapo vijana wake hawaifikii bila kumwomba.